Nimejenga Ghorofa, Ngazi Nimesahau

Shangazi Batulo,

Mimi si mtu wa kuomba msaada gazetini, mimi ndiye huombwa, kwa sababu ukitoka Kware ukaingia Industrial Area, kila godauni utakaloona ukuta wake umenyooka ujue mzee Nzau alisimama hapo, nimesimamia mijengo mikubwa wewe ukiwa bado unalishwa uji, na mpaka leo mafundi wakinisikia nikikohoa wanarudia kupima.

Haya, si kweli, usikasirike. Industrial Area nilikuwa nachonga vinyago. Nilikaa nyuma ya duka la watu nikichonga twiga, ndovu na vifaru vya kuuzia wageni mpaka magoti yakakataa, na ukuta pekee niliowahi kuusimamia ni ule niliouegemea nikila githeri. Lakini uongo huo ndio ulionifikisha hapa nilipo, kwa hivyo nimeona nikuonjeshe kwanza, ujue kwa nini watu waliumeza.

Sasa sikiza. Kanisa letu liko hapa Kware katikati ya maghorofa ya kupangisha, tumebanwa kama jino la ziada, na watoto wa maghorofa hayo wanaishi chumba kimoja na baba, mama, jiko la gesi, televisheni, na mjomba aliyekuja kutafuta kazi akasahau kuipata, kwa hivyo jioni wakitaka kusoma wanatoka nje wanakaa kwenye ngazi za ploti, mmoja hapa, mmoja pale, kama kuku waliopanda kulala. Mjukuu wangu Muthoki, anayeniita Umau, yaani babu, yuko Gredi ya Tisa, mtihani unakuja, naye husoma hapo ngazini kitabu kikiwa magotini, watu wanamruka na mitungi ya maji, na juzi mtungi mmoja ulivuja ukamwoshea hesabu zote, akarudi nyumbani akilia, mimi nikamwambia angalau sasa ni safi, na nyanyake hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo. Ndipo kanisa likaamua kuinua ghorofa moja juu ya ukumbi wa maombi, chumba kikubwa cha kusomea, chenye meza na taa na madirisha, watoto wa mtaa mzima wasome bila kurukwa.

Siku ya kuchagua mwenyekiti wa kamati ya ujenzi nikasimama nikatoa ule uongo wa godauni, na nilikuwa natania, Shangazi, kila mtu anajua mimi hutania, lakini siku hiyo nilikuwa na mafua, sauti ikatoka nzito kama ya mtu mwenye cheti, wakapiga makofi, nikawa mwenyekiti.

Injinia wetu ni Ndindi, binti aliyekulia mtaa huu huu. Alichora ramani, ikapitishwa, na kwenye ramani ngazi ilikuwa nje, upande wa mbele, kwa sababu pande zingine zote ni kuta za majirani. Sasa hapo mbele ndipo Mbinya ameweka kibanda chake cha chapati, na mimi na Mbinya hatusalimiani, kwa sababu niliwahi kusema mbele ya wateja wake kwamba chapati zake mtu anaweza kuzibia paa linalovuja. Kwa hivyo kamati ilipouliza nani atamwomba Mbinya asogee, nikasema tuachane na mbele, tutaiweka ngazi ndani. Ndindi akasema, "Sawa, mzee, lakini ikiwa ndani lazima tuache uwazi kwenye slabu, ile sakafu ya zege ya juu, na mimi nipige hesabu upya. Kabla ya kumwaga zege unipigie simu uniambie ni wapi." Nikamwambia, "Usijali, binti yangu, wewe lala." Akalala. Mimi pia nikalala.

Unajua, ramani sijui kuisoma, kwangu ni kama kuku amekanyaga wino. Nilichofanya nikachukua gogo la jakaranda nikachonga jengo lote, kuta, paa, madirisha, likapendeza mpaka Pasta Kyule akaliweka mezani kando ya Biblia. Kila aliyeuliza jengo litakuwaje aliambiwa nenda ukaone gogo. Sasa mimi nimechonga twiga mpaka nikachoka kuhesabu, na hakuna twiga wangu hata mmoja aliyekuwa na utumbo. Ndani ya gogo ni gogo. Nani angeona kwamba hakuna njia ya kupanda? Fundi wetu mkuu, Odera, mtu mzuri sana, aliliheshimu lile gogo kuliko ilivyopasa, maana upande mmoja palikuwa na tundu la dumuzi, mdudu mla mbao, naye akaweka pale kidirisha cha mviringo, na nilipomuuliza ni cha nini akasema, "Si ni wewe ulikichonga, mzee?" Nikasema ndiyo, ni cha upepo.

Siku ya slabu ikafika. Wewe hujaona siku ya slabu huku kwetu, mashini ya kuchanganya zege inanguruma, karai zinapita mkono kwa mkono kutoka chini mpaka juu, akina mama wanaimba, uji unachemka, hakuna kusimama mpaka kazi iishe. Odera yuko juu, mimi chini na kofia ya plastiki, najiona gavana. Odera akanipigia kelele, "Mzee! Ngazi iko?"

Mimi nikafikiria ile ngazi ya mbao, ya kuegemeza ukutani, tunayopandia kubadilisha balbu. Nikajibu, "Iko! Nyuma ya choo!"

Yeye akaelewa mzee amenunua ngazi ya chuma, imelazwa nyuma ya choo, itafungwa nje kazi ikiisha. Akainua kidole gumba. Wakamwaga. Slabu nzima, haina hata tundu la panya, laini kama meza ya hoteli.

Kesho yake Odera akaenda nyuma ya choo kuangalia, akaikuta ile ya balbu, ina kidato kimoja kimevunjika, akacheka mpaka akakaa chini. "Mzee Nzau, wewe utaniua. Basi ile ya kweli inaletwa lini?" Nikamwambia, "Odera, kijana wangu, ya kweli hakuna." Akacheka tena, akaenda kuwahadithia wenzake.

Hapo ndipo shida yangu ilipo. Nimewaambia, Shangazi! Nilisimama mbele ya kamati nikasema, "Ndugu zangu, ghorofa halina ngazi." Wakacheka. Nikasema, "Naapa." Wakagonga meza. Pasta Kyule akafuta machozi kwa kitambaa, akasema tufunge kwa maombi kabla mwenyekiti hajatumaliza. Tangu nizaliwe sijawahi kusema kweli nyingi hivyo katika mwezi mmoja, na hakuna hata moja iliyoaminiwa.

Na jengo limekamilika! Ukiliona utavua kofia. Kuta zimepigwa plasta, paa halivuji, madirisha yanaleta upepo, meza na viti viko juu, vyote vilipandishwa kwa ule mteremko wa mbao wa vibarua, na watu wote wanapanda kwa hizo mbao kuangalia, wanasema ngazi itakuja, ngazi itakuja. Mwenye mbao anazitaka, ana mjengo mwingine Pipeline. Siku ya kufungua imetangazwa. Mbao zikiondoka, nitakuwa nimewajengea watoto wanaosoma ngazini chumba kizuri sana kinachokosa ngazi tu.

Nimefikiria mambo matatu. Moja, nitorokee kwetu Wamunyu, niwatumie salamu. Mbili, kuna jamaa wa Mukuru kwa Reuben ana mashini ya kutoboa zege, anasema asubuhi moja tu tundu litakuwa tayari, nimwite kimyakimya watu wakiwa kazini. Tatu, nimpigie Mbinya magoti, na hilo ndilo naliogopa zaidi. Nifanye lipi? Na nitaaminiwaje na mdomo huu? Usilifiche jina langu, lichape. Labda wakiliona gazetini wataamini.

Mzee Nzau, Kware

*

SHANGAZI BATULO ANAJIBU

Mzee Nzau,

Gazeti halitakusaidia. Watasema umenitania na mimi pia, na nusu ya barua yako nilikuwa nikiamini hivyo.

Pole, lakini pole yangu ni fupi. Hukusahau ngazi. Ngazi ilikuwa kwenye ramani, imepitishwa, iko mahali pake. Wewe uliiondoa kwa sababu uliogopa kuzungumza na mama mmoja anayepika chapati. Watu wanadhani majengo huharibiwa na simiti mbaya. Mengi huharibiwa na neno lililopaswa kusemwa Jumatatu likaahirishwa mpaka zege likakauka.

Sasa nisikilize vizuri. Yule jamaa wa mashini asikanyage hapo. Ndani ya slabu yako mna vyuma, na hujui kipi kinashika nini. Wewe umezoea gogo: ukikosea unakata kidogo, kifaru anakuwa nguruwe, maisha yanaendelea. Slabu haichongwi, mzee. Juu yake watakaa watoto, akiwemo mjukuu wako. Ukitoboa kimyakimya, sitakuwa na ushauri tena wa kukupa.

Mpigie Ndindi simu leo, kabla hujamaliza kusoma ukurasa huu. Mwambie yote, hata la gogo. Atakasirika, mwache akasirike, ni haki yake. Ngazi irudi pale ilipochorwa, nje, mbele. Slabu haina tundu la kuziba, basi mshukuru Mungu kwa uvivu wako, kwa kuwa ulipokosea hukukosea nusunusu. Mwenye mbao mwombe asubiri. Na mtoto yeyote asipandishwe kwa hizo mbao. Zile ni za watu wazima wanaobeba karai.

Kuhusu kuaminiwa: acha kusema. Wapandishe kamati nzima juu kwa mbao, wakishaingia wote waombe wakuonyeshe mahali ngazi ya ndani itakapotokea. Kisha nyamaza. Najua itakuuma. Nyamaza.

Kwa Mbinya usiende na kamati, wala na maneno matamu. Nenda na Ndindi, kwa sababu yeye ana majibu, na wewe uwe na swali moja: "Ungependa ukae wapi?" Usimpangie mtu mahali pake pa kazi kisha uite hilo kuomba. Na usiseme lolote kuhusu paa.

Siku nyingine ukipewa mjengo, na naomba usipewe, kila jambo mlilosema "tutaona baadaye" lipewe mtu wa kulijibu kabla kazi haijaanza. Swali la zege lijibiwe mashini ikiwa imezimwa, watu wakitazamana. Tena mwambie Odera kwamba kuna ngazi na ngazi, na fundi mzuri akiambiwa "iko" huenda kuiona kabla ya kumwaga, si kesho yake. Yeye pia ana lake la kujibu.

Wamunyu utaenda Krismasi, kama watu wengine.

*

MZEE NZAU AANDIKA TENA

Shangazi Batulo, salamu kutoka juu! Barua hii naiandikia ghorofani, kwenye kiti, na sikupanda kwa mbao wala sikubebwa.

Ndindi nilimpigia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza la gogo, kisha akasema, "Mzee, wewe uliniambia nilale." Nikasema ndiyo. Akasema, "Sasa amka, nakuja."

Kamati niliipandisha kama ulivyosema. Nikawauliza, "Ngazi ya ndani itatokea wapi?" kisha nikaziba mdomo, na ninakuambia jino liliniuma kwa kunyamaza. Walianza kucheka. Wakaangalia sakafu. Kicheko kikapungua kama maji ya mfereji wetu. Pasta Kyule akazunguka chumba chote akipapasa ukuta kama mtu anayetafuta swichi gizani, akafika kwenye kile kidirisha cha dumuzi, akachungulia nje, akarudi. "Mwenyekiti," akasema polepole, "kumbe ulikuwa unasema kweli." Odera alikuwa ameshika kichwa. "Mzee, si ungeniambia!" Nikamwangalia tu. Akasema, "Ah. Uliniambia."

Basi tukaenda kwa Mbinya, mimi, Ndindi na Odera. Alikuwa anasukuma chapati, hakuinua macho.

"Asa Nzau, mzee wa heshima. Leo paa la nani linavuja?"

Nikasema, "Mbinya, tunahitaji kuweka ngazi hapa mbele, watoto wapande kusoma. Nimekuja kuuliza ungependa ukae wapi."

Akaendelea kusukuma. Akageuza ya kwenye kikaango. Akamhudumia kondakta mmoja, akamrudishia chenji, akafuta meza. Mimi nimesimama pale kama kinyago changu mwenyewe. Kisha akamuuliza Ndindi, si mimi, "Hiyo ngazi ikijengwa, chini yake kutakuwa na nini?"

"Hewa tu, mama," Ndindi akasema.

"Hiyo hewa ni yangu."

Odera akacheka, Ndindi akachukua futi yake ya kupimia, na pale pale, juu ya mfuko wa unga, wakachora. Ndindi akakataa jiko lisikae chini ya ngazi ya watoto, akaonyesha mahali pake pembeni kwa ukuta wa mawe, na Mbinya akabishana naye kidogo ili isionekane ameshindwa haraka, lakini meza na mabenchi ya wateja yakaingia chini, mvua isiwafikie. Miaka yote hiyo alikuwa anapikia chini ya nailoni, na mimi nilikuwa namwogopa mtu aliyekuwa akingoja tu paa. Wakati ngazi inajengwa, Mbinya alipikia mlangoni mwa kanisa, na Pasta anasema ibada haijawahi kujaa hivyo, ingawa macho ya waumini yalikuwa hayaelekei madhabahuni.

Odera aliijenga kwa ramani, akakataa hata kuliangalia gogo. Kila siku alikuwa ananiuliza swali, na kabla sijajibu anazima mashini, anashuka, ananikazia macho. Ngazi ya zege, Shangazi, pana, watoto wawili wanapishana bila kusukumana, vyuma vya kushika pande zote mbili, na jukwaa la kupumulia katikati kwa sisi wenye magoti. Ndindi alipanda akaruka juu yake mara kadhaa na viatu vyake vikubwa, akateremka, akanipa mkono. Mkono wa injinia! Sikuuosha mpaka jioni.

Siku ya kufungua watu walijaa mpaka barabarani, wengine kutoka Pipeline, walikuwa wamesoma barua yangu wakaja kuona ghorofa lisilo na ngazi, wakaikuta ngazi, wakaudhika kidogo, wakakaa kula. Muthoki alipewa kupanda wa kwanza. Alipanda vizuri mpaka kwenye jukwaa la katikati, kisha, watu wote wakimtazama, akakaa chini, akafungua kitabu.

Nikamwita, "Muthoki! Juu kuna meza!"

Akashtuka, akaangalia huku na huku. "Pole, Umau. Ni mazoea."

Shangazi, nimetania watu maisha yangu yote na sijawahi kupata kicheko kama kile, na safari hii aliyekitoa hakuwa mimi. Nyanyake alicheka huku analia, akanishika mkono mbele za watu, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu harusi. Sasa hivi ninapoandika meza zimejaa, hakuna anayerukwa, Muthoki yuko pale dirishani na hesabu zake kavu, na mimi wamenikataza kuzungumza humu ndani, ndiyo maana nakuandikia.

Wamenitoa uenyekiti, kwa makofi. Yalikuwa mengi kuliko ya kuniingiza.

Sasa jambo dogo tu, na unajua mwenyewe nimekuuzia gazeti Kware nzima. Siku ile tunachora kwenye mfuko wa unga, Mbinya alisema, Ndindi na Odera wakisikia, kwamba chapati ya kwanza itakayoliwa kwenye meza mpya chini ya ngazi ni yangu. Ikaiva, akampa Odera. Nikimdai ananiambia kesho. Kila siku ni kesho. Safu yako yeye huisoma yote kabla hajalitumia gazeti kufungia wateja chapati, kwa hivyo niwekee mstari mmoja, herufi kubwa, mahali mafuta hayatafika: Mbinya, mpe mzee chapati yake, na iwe ya moto.